Mwajiri Yuko Oslo, Kazi Iko Haydom

Wageni wanaokuja kufanya kazi Haydom huwa wamejiandaa kwa mengi. Wana chanjo, wana chujio la maji, wana kijitabu cha maamkizi ya Kiswahili, na siku hizi wapo wanaofika wakijua hata salamu ya Kiiraqw. Wachache sana huwa wamefikiria kwamba siku watakayomwambia mtu, "Njoo Jumatatu uanze kutuendeshea gari," watakuwa waajiri chini ya sheria za Tanzania, sawasawa na mwenye kiwanda cha watu elfu moja pale Dar es Salaam.

Mimi ni mtunza hesabu. Nina ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mishahara ya watu walioajiriwa na wenye makao nje ya nchi: watafiti wa vyuo vikuu, vikundi vidogo vya hisani, mwenye kambi ya watalii kule bonde la Yaeda. Si mwanasheria. Mwanasheria huitwa mambo yakishaharibika. Mimi huitwa kila tarehe 25 ya mwezi.

Haydom ni mji wa namna yake. Hospitali ya Kilutheri ilianzishwa hapa na Wanorwe mwaka 1955, mahali ambapo hapakuwa na barabara ya maana, na mji ukakua kuizunguka. Hospitali hiyo leo ni ya Kanisa, KKKT Dayosisi ya Mbulu, na muuguzi anayelipwa pale ni mwajiriwa wa hospitali, si wa Norwe, hata kama dawa au jengo limetoka Norwe. Utafiti mkubwa wa afya ya watoto wachanga uliojulikana kama MAL-ED, uliofanyika katika nchi nane, ulikuwa na kituo chake cha Tanzania hapahapa. Wasaidizi wa utafiti walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakipima watoto. Fedha ya namna hiyo hutoka mbali, ila inapoingizwa kupitia taasisi ya hapa, yenye namba ya mlipakodi na namba ya mwajiri katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, shida zangu nyingi huwa zimekwisha kabla hazijaanza. Ninapoulizwa ushauri na mgeni mwenye mradi wa miaka miwili na wafanyakazi wanne, humwambia kwanza hilo: tafuta taasisi ya hapa inayokubali kuwa mwajiri, uandikishane nayo vizuri, uilipe gharama zake. Asiyeweza hilo ndiye anayehitaji kusoma yanayofuata.

Nimezaliwa upande wa Hanang, Basotu, enzi za ngano. Wa umri wangu watakumbuka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanada ilishirikiana na Tanzania kulima ngano kwenye nyanda hizi, katika mashamba saba ya NAFCO: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Mitambo na wataalamu walitoka Kanada. Ardhi ilitoka kwa Wabarabaig, wafugaji wa Kidatoga, na ugomvi wake ulifika hadi Mahakama ya Rufani, lakini hayo yanataka makala yake yenyewe. Baba yangu alikuwa fundi mitambo. Aliyempangia kazi kila asubuhi pale karakana alikuwa Mkanada, ila kwenye slipu ya mshahara mwajiri aliandikwa NAFCO, shirika la umma la Tanzania, na chini kulikuwa na makato ya NPF, mfuko wa akiba ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964 na uliokuja kuwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997. Mkanada alilipwa na kwao. Baba alilipwa kwa sheria za hapa. Wala hakuna aliyeona ajabu.

Jirani yetu, mama mmoja aliyetufundisha sisi watoto kukaanga maandazi, alimpikia mgeni mwingine, mtu binafsi, kwa miaka mingi kuliko baba alivyokaa karakana. Mgeni yule alikuwa mwema kwelikweli. Aliwalipia watoto wake ada, akamwezekea nyumba bati, na alipoondoka alimwachia ng'ombe wa maziwa. Mshahara wenyewe ulikuwa mzuri kuliko wa baba. Leo baba ana pensheni ndogo inayoingia kila mwezi, na yule mama, ambaye magoti yamekataa, anategemea mtoto wake wa Singida akumbuke. Hakuna senti iliyowekwa kwa jina lake mahali popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikisha.

Wema wa namna hiyo ndio ninaobishana nao kila mwezi, maana ukatili ungekuwa rahisi zaidi. Mwajiri katili wafanyakazi humshtaki. Anayewaponza watu huku kwetu ni yule mkarimu, anayedhani ukarimu wake unachukua nafasi ya sheria. Humpa mtu posho, humpa zawadi ya Krismasi, humkopesha fedha ya mbegu, na kila moja ya hizo hupokelewa kwa shukrani, hadi inakuwa vigumu kwa mpishi au mlinzi kufungua mdomo na kuuliza, "Na NSSF je, bosi?" Ataonekana hana adabu. Wapo walioniambia wanaona haya zaidi kuuliza kuliko wanavyoona haya kukopa.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Ya msingi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi. Waliotolewa ni wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haisemi popote kwamba haimhusu anayelipwa kutoka Oslo, Toronto au Virginia. Mara nyingi naletewa mkataba mrefu ulioandikwa huko walikotoka, wenye kifungu kinachosema mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za huko. Mlinzi wa Basotu akiachishwa kazi hatapanda ndege kwenda kushtaki Norwe. Atapanda basi kwenda Babati, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita kwa kifupi CMA, na msuluhishi atafungua sheria ya mwaka 2004. Kazi imefanyika hapa, mfanyakazi yuko hapa. Basi. (Mwenye kambi Yaeda na hoteli Unguja ajue pia kwamba kule Zanzibar ni sheria nyingine, Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na mfuko mwingine, ZSSF. Nimeona mtu akiwapeleka wapishi wake wa huku ZSSF kwa sababu ndiyo fomu aliyokuwa nayo.)

Wakishaelewa kwamba mkataba wa kwao haufui dafu, wengine hujaribu njia ya pili: kumwita kila mtu mshauri wa kujitegemea. Dereva ni mshauri. Mkalimani ni mshauri. Mwaka mmoja nililetewa karatasi ya mlinzi wa usiku ambaye naye alikuwa mshauri, sijui wa nini, labda wa mbwa. Nia yao hapo, mara nyingi kwa kufuata ushauri wa ofisi ya mbali, ni kukwepa makato na kukwepa notisi. Lakini sheria pacha ya ile ya ajira, Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, ina kifungu cha 61 ambacho kila mgeni mwenye gari na dereva angepaswa kukisoma kabla hajanunua mafuta. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata jambo moja tu kati ya kadhaa lipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anategemea kipato kutoka kwa mtu huyo, amepewa vifaa vya kazi na mtu huyo, au anamfanyia kazi mtu huyo peke yake. Dereva anayeendesha gari la mradi, kwa ratiba ya mradi, siku sita kwa wiki, ameyatimiza karibu yote. Jina lililo juu ya karatasi halibadilishi kitu.

Makato huwatisha kuliko yanavyostahili. Hesabu yenyewe ni hii, kwa dereva wa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, na mgawanyo wa kawaida ni kumi kwa mfanyakazi na kumi kwa mwajiri. Kwa hiyo dereva anakatwa 60,000. Inayobaki, 540,000, ndiyo inayotozwa kodi ya mshahara, PAYE. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na hadi 760,000 ni asilimia 20. Kodi yake inatoka 24,000. Anapeleka nyumbani 516,000. Mwajiri naye, juu ya ile laki sita, anaongeza 60,000 za NSSF na 3,000 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao kwa sekta binafsi umeshuka kutoka asilimia 1 ya mwanzo hadi nusu asilimia. Kuna pia tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, lakini hiyo haimhusu mwenye wafanyakazi chini ya kumi, na wateja wangu karibu wote wako chini ya kumi. Jumla ya gharama: 663,000. Tofauti kati ya kumwajiri dereva huyu kisheria na kumlipa kwa bahasha ni shilingi 63,000 kwa mwezi. Nimewaona watu wakitumia zaidi ya hiyo kwa maji ya chupa.

Zile 3,000 za WCF ndizo ninazozitetea kuliko zote. Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango Julai 2015. Mfanyakazi akiumia kazini, akiugua ugonjwa unaotokana na kazi, au akifa, mfuko ndio unaobeba matibabu na fidia yake au ya wategemezi wake. Anayejua barabara zetu za milimani wakati wa masika, kutoka Mbulu mjini kuja Dongobesh na Haydom, hahitaji kuelezwa zaidi. Mgeni huwa ameshakata bima yake ya kusafirishwa kwa ndege hadi Nairobi likitokea la kutokea. Nikimwuliza aliyeshika usukani ana nini, hunyamaza.

Mkataba nao una mambo yake. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi mara anapoanza kazi: jina, umri, anwani na jinsia yake, mahali alipoajiriwa, aina ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa. Na kuna mtego ndani yake: ukifika mgogoro na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha kile mfanyakazi anachodai kilikubaliwa. Kwa hiyo anayekwepa kuandika ili asifungwe, anajifunga mwenyewe.

Kifungu hichohicho kinasema mfanyakazi asiyeelewa maelezo yale aelezwe kwa namna anayoielewa. Mahali pengine huenda hilo likawa dogo. Hapa tuna Wairaqw, Wadatoga, Wanyaturu na Wahadzabe ndani ya mwendo wa siku moja. Nakumbuka mzee wa Kibarabaig aliyeajiriwa kulinda stoo upande wa Basotu, mkataba wake umeandikwa Kiingereza kizito. Kwanza nikautafsiri Kiswahili. Kisha tukamwita mtoto wa dada yake, tukakaa chini ya mti, tukausoma kifungu kwa kifungu kwa Kidatoga. Mwajiri, kijana mstaarabu, alikuwa akitazama saa. Tulipofika kwenye likizo, siku 28 mfululizo kwa mwaka kwa malipo kamili, mzee alitusimamisha. Aliuliza kama siku hizo anazipanga yeye, maana mifugo yake huhama wakati wa kiangazi. Ikabidi tufungue sheria: mwajiri ndiye anayeweza kupanga lini, ila likizo isivuke miezi sita baada ya mwaka wake kuisha, au kumi na miwili wakikubaliana kwa sababu za msingi. Wakakubaliana kiangazi, tukaandika hivyo, mzee akaweka dole gumba. Kijana yule aliniambia baadaye kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona mtu akijadili mkataba wake badala ya kusaini tu. Nikamwambia ni kwa sababu ndiyo mara ya kwanza umesomwa.

Wageni hawatoki mahali pamoja, na kila mmoja anakuja na sheria ya kwao kichwani. Wanorwe huona siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, kuwa chache mno, kwa kuwa kwao wazazi hugawana karibu mwaka mzima. Nawaambia sheria ni kiwango cha chini. Anayetaka kuongeza aongeze, aandike. Wamarekani hushtuka kinyume chake. Sheria ya taifa lao haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa likizo ya mwaka yenye malipo, kwa hiyo siku 28 kwao ni anasa. Kinachowatatiza zaidi ni kufukuza. Huko kwao, katika karibu majimbo yote, mwajiri anaweza kumwachisha mtu bila kueleza sababu, mradi isiwe ubaguzi au jambo jingine lililokatazwa. Hapa mfanyakazi aliyevuka miezi sita hawezi kuachishwa hivyo. Lazima kuwe na sababu halali, na lazima utaratibu uwe wa haki: aelezwe kosa, asikilizwe, aje na mwakilishi akitaka. Sheria ya 2004 ilipoandikwa, aliyekosea hili aliamriwa kumrudisha kazini au kumlipa fidia isiyopungua ujira wa miezi 12. Viwango hivyo vimeguswa na marekebisho ya karibuni, lakini hata baada ya kuguswa, kumfukuza mtu kwa ujumbe wa WhatsApp Jumapili usiku bado ni ghali kuliko tikiti ya ndege.

Saa za kazi, kwa ufupi: tisa kwa siku, 45 kwa wiki, siku sita. Ya ziada ni mara moja na nusu, na isizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Sikukuu ya kitaifa ni malipo maradufu, na wateja wangu wanaoishi kwa kalenda ya kwao husahau kila mwaka Saba Saba na Nane Nane, kisha hushangaa mlinzi anadai.

Kima cha chini hupangwa kwa amri ya mishahara, na hubadilika, kwa hiyo asitegemee mtu karatasi ya zamani. Katika amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, mfanyakazi wa ndani aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa aliwekewa shilingi 250,000 kwa mwezi. Anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, 60,000. Sijawahi kumpata mgeni anayelipa 60,000. Ndiyo maana narudia kwamba tatizo letu huku halijawahi kuwa kiasi kinacholipwa.

Mgeni mwenyewe naye ni mfanyakazi, na anahitaji kibali. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 ilikusanya vibali vya kazi chini ya Kamishna wa Kazi, ikaviweka kwa madaraja. Walio katika shughuli za dini na hisani wana daraja lao, D. Kibali ni cha hadi miaka miwili, na kinaweza kuhuishwa. Na mwajiri anatakiwa aonyeshe mpango wa kurithisha, yaani ni Mtanzania gani anayeandaliwa kuishika kazi hiyo. Mpango huo ukiandikwa kwa kujaza fomu tu, unaishia kabatini. Nimewahi pia kuuona ukifanya kazi: msaidizi wa maabara aliyeanza kwa kuosha chupa sasa anaongoza maabara, na mgeni aliyemfundisha alishaondoka siku nyingi.

Kuna kundi jipya nalo linaanza kubisha hodi ofisini kwangu. Kijana yuko Katesh, chini ya mlima Hanang, ana kompyuta na mtandao wa simu, anafanya kazi ya kampuni iliyoko Marekani ambayo haina ofisi wala namba ya mlipakodi hapa nchini. Kampuni ya nje inayofungua mahali pa biashara Tanzania inatakiwa ijiandikishe kwa msajili wa makampuni, BRELA, lakini hii haijafungua kitu. Imempata kijana, basi. Kwa vigezo vya kifungu cha 61 ningesema ni mwajiriwa. Kwa vitendo, nani atamfikishia mwajiri wake wito wa CMA? Humshauri achukue namba yake ya mlipakodi, alipe kodi yake, ajiandikishe NSSF kama aliyejiajiri, na kwenye bei anayowapa Wamarekani aweke ile asilimia ambayo mwajiri wa kweli angemchangia. Wengi hawaiweki. Wanafurahia dola.

Namalizia na dereva mmoja, kwa sababu kesi yake inaonyesha sheria ilivyo na jicho kwa mtu aliyeajiriwa mbali na kwao. Aliajiriwa Kondoa na kikundi cha wageni, akaletwa Haydom, mkataba wa "ushauri", laki sita kwa mwezi. Mradi ulipoishiwa fedha alipewa barua ya mistari miwili, na wakubwa wakaondoka wiki hiyohiyo. Alikuja kwangu na barua ile mkononi, kwa heshima zote, akiuliza kama kuna dhambi kudai. Nikamwambia hakuna dhambi, kuna tarehe. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka fomu yake CMA; madai mengine ni siku 60. Alikwenda Babati, akajaza fomu namba moja.

Alichodai kilikuwa cha kawaida: notisi ya siku 28, likizo asiyoichukua, kiinua mgongo cha ujira wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, cheti cha utumishi, na michango ya NSSF ambayo haikuwahi kupelekwa. Ofisi ya nje iliandika barua ndefu kwamba yeye ni mshauri. Msuluhishi aliwauliza gari lilikuwa la nani. Baada ya hapo hawakuandika tena juu ya ushauri.

Kilichowaamsha, hata hivyo, ni kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Mfanyakazi akiachishwa mahali pasipo alipoajiriwa, mwajiri anatakiwa amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alipomtoa, au amlipie usafiri huo, au ampe walau nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na hapo. Na tangu siku ya kuachishwa hadi siku ya kusafirishwa, anadai fedha za kujikimu. Kanuni za mwaka 2017 zimeweka kiwango chake kuwa ujira wa siku. Kwa laki sita hiyo ni zaidi kidogo ya shilingi 23,000, Jumapili na sikukuu zote zikihesabiwa kwa kadiri anavyoendelea kusubiri. Walikuwa wamekaa miezi mitatu wakibishana kuhusu nauli ya kwenda Kondoa. Nilipowatumia hesabu ya mwezi wa nne, fedha ziliingia kabla ya Ijumaa.